Miche ya kuagiza kwa simu, Kampala mpaka Arua: vitalu vitatu na tepu moja ya uongo

Kila mtu akipita hapa kwangu Arua, kaskazini magharibi mwa Uganda, akiona miparachichi imesimama mstari anauliza hii ulitoa wapi, nikimwambia nilinunua kwenye simu anacheka. Acheke tu, mi mara ya kwanza nililia. Sasa naandika mara moja yaishe. Nimeagiza miche kwa vitalu vitatu, vyote viko Kampala na kandokando yake, vyote vinauzia Facebook na WhatsApp na vyote vinatuma kwa basi. Majina nayaacha, wenyewe wakisoma watajijua.

Tuanze na wa kwanza, ndio ana mambo.

Nilikuwa nataka Hass, ile parachichi ndogo ya ngozi ngumu ambayo ikiiva inageuka nyeusi, ndiyo wanunuzi wa nje wanaitafuta. Na Hass usidanganyike kupanda kokwa. Mti utapata, lakini tunda litakuwa la kwake mwenyewe, halifanani na la mama yake, na unaweza kungoja miaka saba au zaidi kuliona. Hass zote duniani zimetoka kwa mti mmoja wa jamaa wa California anaitwa Rudolph Hass, aliupatia hati miliki 1935, tangu hapo ni kukata kijiti na kubebesha juu ya shina la parachichi nyingine. Na huyo jamaa kazi yake ilikuwa kupeleka barua, yaani mtu wa posta kabisa, huwa nacheka nikikumbuka, parachichi ya mtu wa posta inakuja kwangu na basi la usiku.

Basi nikaona picha, miche imenenepa, majani yanang'aa, kila shina limefungwa tepu nyeupe pale chini kuonyesha imebebeshwa. Shilingi elfu saba za Uganda mmoja. Nikachukua 20, hiyo ni 140,000, na boksi na basi 30,000 juu, yote nikatuma kwa MoMo, hela ya simu, siku ileile maana aliniambia nyabo, yaani mama, oda ni nyingi zitaisha. Kosa langu hilo, nalikubali.

Basi likafika alfajiri, nikaenda kuchukua na boda. Kwanza boksi lilikuwa kwenye buti la nyuma kule injini inakochemka, halafu juu yake mtu kaweka mikungu ya matoke, miwili, mikubwa. Karibu kilomita 500 za namna hiyo! Nilipofungua majani yalikuwa kama sukuma wiki iliyotolewa kwenye sufuria. Viriba vimepasuka, udongo wote uko chini ya boksi na miche sita imebaki na mizizi mitupu kama mkia wa panya. Parachichi mizizi yake haipendi kuguswaguswa hata kidogo, hizo sita wiki haikuisha zikakauka.

Hayo ya basi ningesamehe. Dereva si ndugu yake.

Sasa hizo 14 zilizobaki nikazitunza, nikazipanda, zikaamka vizuri mpaka nikaanza kumsifia yule muuzaji kwa watu. Ndipo akaja shemeji yangu, huyu aliwahi kufanya kazi kitaluni, akainama kwenye mche mmoja, akauliza, "Mama Sali, hii tepu mbona bado mnaiacha, itakaba mti." Akachukua wembe akaikata. Akanyamaza. Akaenda wa pili, akakata. Wa tatu. Halafu akaniita nishike na kidole.

Mche uliobebeshwa kweli, ukitoa tepu unakuta kovu. Pale kijiti kilipochongwa kama kabari kikachomekwa kwenye shina panavimba kidogo, na gome la juu na la chini halifanani rangi, mara nyingi hata shina lenyewe limepinda hapo kama goti. Hii ya kwangu ilikuwa laini kama kidole cha mtoto, shina moja toka mzizini mpaka kichwani. Yaani mtu amechukua mche wa kokwa, ovakado ya kawaida ya sokoni, akaufunga tepu! Alikaa chini akafunga tepu, moja moja! Kati ya 14, tisa zilikuwa hivyo. Tano ndizo za kweli, nadhani aliziweka ili nikikagua juujuu nisishtuke.

Nikampigia, mtandao mbaya. Nikatuma picha za mashina WhatsApp, zikageuka bluu, akaandika "nacheki na vijana", kesho yake picha yake ya profaili ikapotea, nikajua nimeblokiwa. Hela sijaona mpaka leo. Nyota moja, na hiyo nyota ni ya boksi, boksi lilikuwa imara, kuku wanatagia mle mpaka sasa.

Wa pili nilimpata mwezi wa kwanza mwaka uliofuata, na karibu nimkimbie maana maswali yalikuwa mengi. Nilimpigia kwa Kiswahili, Luganda yangu ni ya kununulia nyanya tu, jamaa akasita kidogo akauliza, "Afande, uko kambi gani?" Nyie watu wa Kampala, mkisikia Kiswahili mnadhani ni askari! Nikamwambia mi si afande, mi mama wa mahindi na mihogo, huku kwetu Kiswahili ni cha sokoni. Akacheka, akauliza kama huku kunanyesha. Nikasema jua ni kali. Akakataa kuniuzia. Nilikuwa na hela mkononi na mtu anakataa, ati subiri mvua ya mwezi wa nne mama, nikikutumia sasa utazika.

Nikasubiri kwa hasira, lakini nikasubiri.

Bei yake elfu kumi kwa mche, ghali, ila alichukua nusu kwanza na nusu nikalipa baada ya kufungua boksi. Kabla ya kufunga alinitumia video, anazungusha mche mmoja mmoja, tepu ameshatoa, kovu naliona mwenyewe. Alimwagilia jioni ya kabla ili udongo ushikane bila kulowa chepechepe, kila kiriba akakizungushia gazeti na kukifunga kamba pale juu udongo usimwagike, boksi akalitoboa matundu. Halafu hiki ndicho kilichonimaliza, hakulipeleka buti. Aliongea na kondakta likakaa ndani nyuma ya kiti cha mwisho, elfu tano ya ziada, akanitumia namba ya kondakta na picha ya namba ya basi. Saa kumi na moja asubuhi nimesimama paki ya mabasi, nafungua, jani moja tu limevunjika.

Na nilikuwa nimeomba Hass 20, akasema hapana chukua 17 na Fuerte tatu, hiyo ni aina nyingine ya parachichi. Ua la Hass linafunguka asubuhi likiwa jike, linafunga, kesho yake mchana linafunguka tena likiwa dume. Fuerte ni kinyume, mchana jike na asubuhi inayofuata dume, kwa hiyo zikiwa jirani nyuki ana kazi kutwa nzima. Nilidhani ananiuzia maneno, shemeji akasema ni kweli.

Lawama zake zipo. Anajibu meseji kama mtu anayelima kwanza, siku mbili, siku tatu. Alichelewa siku tisa kwa tarehe tuliyokubaliana. Na miche ilikuwa mifupi kuliko nilivyotarajia, ingawa shemeji anasema mche mrefu kwenye kiriba kidogo ndio wa kuogopa, mizizi imeshajizungusha humo kama tambi. Niliiweka wiki mbili chini ya mwembe kabla ya kupanda, pale pa kovu pakabaki juu ya udongo, na machipukizi yakitokea chini ya kovu nayavunja, ukiyaacha hayo ndiyo yanakula mti na Hass yako inakufa huku unaona majani mabichi. Kati ya 20 ziko 18. Moja ilikwenda na mchwa, moja na mbuzi wa jirani, hilo kitalu hakihusiki. Nyota nne na nusu.

Wa tatu kwa haraka. Nilichukua miche 30 ya ndizi za maabara, yaani zilizokuzwa kwenye chupa za maabara, elfu tatu na mia tano kila moja, za kupanda kule chini mtoni. Machipukizi ya kuomba kwa jirani yanakuja na fukusi na minyoo ya mizizi, na mbaya zaidi kiwotoka, ule mnyauko ulioonekana Mukono 2001 ukamaliza mashamba ya watu. Za maabara zinaanza safi. Kusafiri zinasafiri vizuri mno, vidogo, vyepesi, vyote 30 vilifika hai. Shida ni kwamba niliomba Mpologoma tupu, aina moja ya ndizi za matoke, zikaja na lebo zimechanganyika, nyingine hazina lebo kabisa, na mgomba mdogo huwezi kuuliza jina lake. Mwenyewe alikiri vijana walichanganya trei, akanirudishia elfu 20 bila kelele. Nyota tatu, nitajua ukweli mikungu ikitoka.

Ama zile tisa za tepu bado ziko shambani. Nilitaka kuzing'oa kwa hasira, shemeji akanizuia, anasema mashina yamekomaa na ya kienyeji ni magumu, mvua ikikolea mwezi wa nne atakata vijiti kwenye zile za kitalu cha pili azibebeshe mwenyewe. Tepu ameshanunua.