Tahadhari: muuza postikadi "za kale" pale soko kongwe

Wadau wa barua, postikadi na stempu za zamani, nimepigwa, na sitaki mwingine apigwe.

Kwenye soko kongwe la katikati ya jiji kuna muuzaji mwenye sanduku la ngozi lililojaa makaratasi. Jina simtaji. Atakwambia mzigo umetoka kwa bibi aliyefariki, warithi hawajui thamani yake. Kila kadi imefungwa kwenye nailoni na hataki uifungue: "mkono una jasho, utaiharibu." Nikamwona mtu anayejali mali yake. Kumbe!

Nilichukua tatu. Niliyoipenda zaidi ni ya Uingereza, muhuri wa posta unasoma 1899, stempu ina kichwa cha Malkia Victoria. Nyumbani ndipo nikaona mstari katikati ya upande wa nyuma: kushoto ujumbe, kulia anwani. Uingereza iliruhusu mpangilio huo mwaka 1902, tena ndiyo ilikuwa ya kwanza; Ufaransa ikafuata 1904, Marekani 1907. Kabla ya hapo nyuma ilikuwa ya anwani tu. Sasa kadi yangu ilitumwaje miaka mitatu kabla?

Nikapitisha ukucha kwenye stempu. Haina ukingo. Stempu, muhuri, mwandiko, vyote vimechapwa kwa mkupuo mmoja juu ya karatasi iliyopakwa chai. Tochi ya kukagulia noti bandia ikamaliza ubishi: karatasi iliwaka weupe wa samawati. Karatasi za kabla ya Vita Kuu ya Pili hazikuwa na dawa ya kung'arisha, hubaki zimefifia. (Ila ikikataa kuwaka usishangilie mapema, wajanja huchana kurasa tupu za vitabu vikuukuu wakachapa humo.)

Ya pili alidai ni picha halisi ya studio. Chini ya kioo cha kukuzia, picha iliyosafishwa kwa dawa haina nukta. Yangu ina vinukta vya waridi, njano na samawati hadi kwenye weusi wa koti la bwana harusi. Printa ya ofisini hiyo.

Ya tatu ni halali, naamini aliiweka kama chambo.

Niliporudi alinikana hivi hivi, akasema labda niliibadilisha mwenyewe. Risiti sina, na hilo ni kosa langu. Anahamahama meza, kwa hiyo msimtafute kwa mahali. Mtafuteni kwa nailoni: akikataa kuifungua, ondoka.

Jambo moja nawaomba. Kwenye kadi yangu ya 1899 kuna duara la kikombe kona ya juu kulia, limekatikia kwenye stempu. Wiki iliyofuata niliona sandukuni mwake nyingine yenye duara hilo hilo, pale pale. Mwenye nayo aweke picha hapa tulinganishe, nataka kujua ametoa nakala ngapi.