Kitabu cha kumbukumbu ya rafiki yetu: ushonaji wa kusifika, violezo vya kuepukwa

Miezi minne baada ya kumzika rafiki yetu, sisi watano tuliofanya naye kazi ya misaada kwa muda mrefu tulikubaliana kumchapishia kitabu cha picha na maandishi, nakala 40, za kugawiwa kwa familia yake na kwa wafanyakazi wenzake. Kazi tuliipeleka kwa kampuni moja inayopokea oda za vitabu vya kumbukumbu kupitia mtandao. Jina lake silitaji, kwa kuwa sehemu ya matatizo nitakayoyaeleza tuliyasababisha sisi wenyewe.

Kwa upande wa ufundi sina lawama. Kurasa zimeshonwa kwa uzi badala ya kubandikwa kwa gundi peke yake, ndiyo maana kitabu hulala wazi mezani bila kukandamizwa, na picha inayovuka kurasa mbili haimezwi na mshono. Karatasi ni nzito, haimetimeti, na haina asidi. Asidi ndiyo inayoifanya karatasi igeuke rangi ya manjano na kuvunjikavunjika baada ya miaka. Rangi za ngozi zimetoka kama zilivyo, jambo ambalo wachapaji wengi hulikosea.

Shida ilianzia kwenye violezo, yaani miundo ya kurasa iliyotayarishwa tayari. Ukichagua kundi la "kumbukumbu" unaletewa njiwa, mawingu, mishumaa na mabawa, pamoja na sentensi zilizokwisha kuandikwa zinazomfanya kila marehemu kuwa malaika. Rafiki yetu hakuwa malaika. Alikuwa mtu wa sala aliyeamka kabla ya mapambazuko, na saa mbili baadaye mtu huyohuyo alikuwa akigombana na mtunza ghala kwa sababu ya mablanketi matatu yasiyoonekana kwenye daftari.

Tulilipia pia huduma ya mwandishi, ambaye hupewa maelezo ya maisha ya marehemu na kuyageuza kuwa simulizi. Anaandika kwa lugha nzuri, lakini chini ya picha ya foleni ya maji aliweka maneno haya: "Aliwagawia maji huku akiwahubiria." Sentensi hiyo ingemuumiza marehemu kuliko tusi. Kanuni za Maadili za mwaka 1994, zilizotiwa saini na mashirika mengi ya misaada yakiwamo ya kidini, zinasema wazi kwamba msaada hautatumiwa kuendeleza msimamo wa kisiasa au wa kidini, naye alizishika kwa ukali. Sala zake alizimaliza hemani. Akishafika kwenye bomba hakumuuliza mtu dini yake, na aliyemuuliza yeye ya kwake alijibiwa kwa ufupi, kisha akaombwa asogeze ndoo. Tulimweleza mwandishi haya yote kwa simu, naye akaandika upya sura nzima bila kudai malipo ya ziada. Kwa hilo nampa heshima yake.

Jalada nalo lilikuwa na kisa chake. Msanifu, kwa nia njema, aliweka msalaba mwekundu mkubwa juu ya mandharinyuma meupe. Alama hiyo si pambo: inalindwa na Mikataba ya Geneva tangu ule wa kwanza wa 1864, na pia na sheria za nchi nyingi, ili mpiganaji anapoiona ajue kwamba aliye chini yake hapaswi kupigwa risasi. Ikizagaa kila mahali, ulinzi huo hudhoofika. Rafiki yetu alikuwa akiwafundisha hayo wafanyakazi wa kujitolea kila mara. Tungeiacha pale, tungekuwa tumempinga kwenye jalada la kitabu chake mwenyewe. Ilifutwa siku hiyohiyo.

Kuhusu picha zetu, nyingi zilikuwa zimepitia WhatsApp na kupungua ukubwa. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, picha yenye upana wa pikseli 1,200 hutoka safi kwa upana wa sentimita 10 hivi tu, kwa hiyo tumeni faili halisi. Picha za watoto waliokuwa kambini tuliziondoa, kwa kuwa hatukuwa na idhini ya wazazi wao.

Nililolipigania zaidi ni ukurasa wa 31. Ni picha ya daftari lake lililofunguliwa: upande wa kushoto kuna majina ya wagonjwa aliokuwa akiwaombea, na upande wa kulia kuna hesabu ya maji kwa penseli, watu 1,200 mara lita 15, sawa na lita 18,000 kwa siku. Hizo lita 15 kwa mtu ndizo kiwango cha chini kinachotajwa katika mwongozo wa Sphere, unaoweka viwango vya chini vya misaada ya kibinadamu. Programu ya kampuni iliutambua ukurasa huo kuwa "picha yenye kasoro" na kuusafisha, ikafuta penseli yote na alama ya kikombe cha chai, yakabaki majina peke yake, kana kwamba alikuwa mtu wa kuomba tu. Ilibidi prufu, yaani nakala ya kukaguliwa kabla ya kuchapa, irudishwe mara mbili.

Ninawapa nyota nne kati ya tano. Tumeagiza nakala 10 zaidi, na kwenye fomu ya oda nimeandika kwa herufi kubwa kwamba ukurasa wa 31 usiguswe.