Kipimo cha "hii kaandika mashine": nyota moja, tena ya huruma

Insha imeandikwa kwa kalamu, ndani ya chumba cha mtihani, msimamizi kasimama mlangoni na simu zote zimo kwenye mabegi mbele ya ukumbi. Ikachapwa neno kwa neno, makosa ya sarufi yakaachwa kama yalivyo, ikapitishwa kwenye kipimo cha kutambua maandishi ya mashine. Jibu likaja: asilimia sabini na ushee ni kazi ya akili unde (AI).

Uvumilivu wangu na programu hii ulikatikia hapo. Jina silitaji, maana ukiondoa nembo na rangi za skrini ndugu zake wote ni walewale, na idara yetu imeshafungwa nayo kwa mkataba. Bei na orodha ya sifa zimo kwenye tovuti yao. Ninachozungumzia ni ile namba ya asilimia tu.

Namba ile haijui nani kaandika. Inachopima hasa ni jinsi neno linalofuata linavyotabirika, na jinsi sentensi zinavyopishana urefu na umbo. Maneno ya kawaida na sentensi zinazolingana huhesabiwa kuwa dalili ya mashine. Maandishi yenye kurukaruka huhesabiwa kuwa ya mtu. Sasa mchukue kijana wetu wa mwaka wa kwanza. Kiingereza kwake mara nyingi ni lugha ya tatu. Shule nzima ya sekondari amefundishwa kwamba insha ni utangulizi, hoja sita na hitimisho. Kila hoja ina kiunganishi chake cha kuanzia, maelezo, mfano, basi. Akithubutu kuandika kwa namna yake, alama zinakatwa. Miaka sita tumemnyoosha aandike kwa kutabirika, halafu chuoni tumemnunulia mashine ya kumshitaki kwa kutabirika!

Wala si hisia zangu peke yangu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipitisha insha 91 za TOEFL (mtihani wa Kiingereza kwa wageni), zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, kwenye vipimo saba. Kwa wastani zaidi ya asilimia 61 zilibandikwa kuwa za mashine, wakati insha za watoto wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote. Kilichonichoma zaidi ni hatua iliyofuata: walipoiagiza ChatGPT itie msamiati wa kifahari kwenye zilezile insha za TOEFL, tuhuma zikashuka sana. Kwa hiyo anayeandika mwenyewe anashikwa, na anayeipa mashine impambie anaachwa. Hata OpenAI, walioitoa ChatGPT Novemba 2022, walijaribu kipimo chao Januari 2023. Kwa maelezo yao wenyewe kilibaini asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine na kuyasingizia maandishi ya watu kwa asilimia 9. Kufika Julai wakakiondoa kwa sababu usahihi wake ni mdogo. Mpishi ameshindwa kulitambua pishi lake, sembuse mchuuzi.

Mchuuzi wetu anasema kosa lake ni chini ya asilimia moja. Haya, tumkubalie. Kozi ya stadi za mawasiliano yenye wanafunzi 600 na asaimenti tatu kwa semista ni kazi 1,800. Asilimia moja ni kazi 18 za watu wasio na hatia, kwenye kozi moja, semista moja. Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, kilipiga hesabu ya namna hiyo kwa kazi 75,000 kikapata 750, na Agosti 2023 kikazima kipimo chake cha akili unde.

Siku ya mafunzo, mwezeshaji aliyeletwa na kampuni aliulizwa swali la wazi: hiyo asilimia moja mmeipata kwa maandishi ya nani? Yamo ya waandishi wa Afrika Mashariki? Akajibu huku anakunja laptopu yake, "Dokta, mwanafunzi mwaminifu hana cha kuogopa." Baadhi ya watu ukumbini wakacheka. Mwanafunzi mwaminifu anaogopa kamati ya nidhamu, anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni, anaogopa bumu, pesa yake ya mkopo, kukatwa, anaogopa namna ya kumweleza mzazi aliyeuza ng'ombe. Anayeongea na wahadhiri kwa lugha ile asitumwe kuuza chombo cha kuhukumia watu.

Kama chuo chako kinakulazimisha kukitumia, kijaribu kwanza kwa maandishi ambayo asili yake unaijua. Tafuta mafungu manne. La kwanza ni majibu ya mtihani yaliyoandikwa kwa mkono, yachapwe bila kusahihishwa. La pili ni kazi za idara zilizokusanywa kabla ya Novemba 2022. Hizi ndizo hazina yako, zimelala makabatini na kwenye kompyuta za ofisi. La tatu ni insha za mada zilezile zilizotolewa na akili unde moja kwa moja. La nne ni hizohizo za mashine zikiwa zimepitishwa kwenye programu ya kubadilisha maneno. Ondoa majina na namba za usajili, hakikisha kila andiko lina maneno zaidi ya 300 kwa kuwa mafupi huyumbisha matokeo, kisha jaza jedwali: asili halisi upande mmoja, asilimia upande wa pili. Insha ishirini kwa kila fungu zinatosha kukuonyesha hali. Angalia hasa fungu la pili na la nne. La pili likitoa namba za juu na la nne za chini, chombo chako kinaadhibu maskini na kumsindikiza mwenye fedha hadi mlangoni.

Ndivyo inavyokuwa. Mwenye kulipia programu nzuri ya kubadilisha maneno anapita. Anayeshikwa ni yule wa bando la jioni aliyenakili jibu zima bila kuligusa, na pamoja naye yule aliyeandika rasimu kwa Kiswahili akaitafsiri kwa simu, na yule aliyesahihisha sarufi kwa programu ambayo chuo chenyewe kilimshauri aitumie. Watatu hawa hawajafanya kosa lilelile, lakini asilimia zao zinafanana. Kazi za idara ya Kiswahili ndizo usiseme: chombo kimetengenezwa kwa Kiingereza, na bado kwetu hutema namba badala ya kusema lugha hii siijui.

Haki yake nimpe. Sehemu ya ulinganifu, ile ya zamani inayoonyesha aya imefanana na chapisho gani, inafanya kazi vizuri. Inakupeleka kwenye chanzo, unafungua na kulinganisha kwa macho yako, na mwanafunzi naye anaona. Kwa sehemu hiyo natoa nyota tatu, labda nne. Hata ile ya akili unde ningeivumilia kama ingekuwa inasema tu "aya hii izungumzieni", bila asilimia. Tatizo ni kwamba namba yenye alama ya asilimia ikishafika mezani kwa kamati, hakuna anayeuliza imetoka wapi. Inasomwa kama kipimo cha malaria.

Kinachofanya kazi hakihitaji mkataba. Anza na marejeleo. Akili unde hutunga rejea zenye sura nzuri mno: mwandishi anayejulikana, jarida la kweli, makala ambayo haipo. Chukua rejea tatu za orodha. Yenye DOI, ile namba ya kudumu ya makala mtandaoni, ibandike baada ya https://doi.org/, isipofunguka, au ikafungua makala nyingine kabisa, una la kuuliza. Majarida mengi ya kwetu ya zamani hayana DOI, kwa hiyo tafuta AJOL (tovuti ya majarida ya Afrika) au kwenye katalogi ya maktaba kabla ya kumtuhumu mtu. Kitabu kikiwa kimetajwa, dai ukurasa. Mawakili wawili wa New York walishikwa kwa njia hii mwaka 2023, kesi walizozitaja mahakamani hazikuwepo, na faini ikawa dola 5,000. Huo ni ushahidi ambao mtu yeyote anaweza kuukagua upya, tofauti na asilimia.

Pili, mazungumzo ya dakika tano. Maswali matatu yanatosha: eleza hoja yako ya tatu bila kusoma; kwa nini ulitumia rejea hii; ungelazimishwa kufuta aya moja ungefuta ipi na kwa nini. Fanyeni ndani ya wiki ileile ya kukusanya kazi, maana baada ya mwezi hata aliyeandika mwenyewe amesahau. Na ruhusuni Kiswahili. Hili wenzangu wengi hulipinga, lakini mkilazimisha Kiingereza hapo mtakuwa mnapima ujasiri wa kuongea, na aliyeandika kazi yake kwa jasho atagugumia kama aliyenunua. Wanafunzi 600 hawamaliziki, najua. Pigeni kura: kila kikundi cha seminari cha watu thelathini waitwe watano, na watangaziwe mapema kwamba yeyote anaweza kuitwa.

Historia ya faili husaidia, ila ina mitego yake. Ya Google Docs huionyeshi kwa kumpa mhadhiri ruhusa ya kutazama tu. Lazima apewe ya kuhariri. Faili iliyotumwa kwa WhatsApp haiji na historia hiyo. Na kuna steshenari: wanafunzi wengi huandika kwenye daftari wakapeleka kuchapiwa, na historia ya faili hapo inaonyesha mtu aliyeandika insha nzima kwa mkupuo bila kufuta kitu. Ukiisoma kijuujuu, mchapaji wa watu anakuwa akili unde. Waambie wapige picha kurasa za daftari na waziambatishe.

Kubwa kuliko yote ni agizo la kazi lenyewe. "Akili unde marufuku" haisemi lolote kwa mtu ambaye simu yake inamkamilishia maneno anapoandika. Kila asaimenti iandikwe juu kabisa kinachoruhusiwa: kutafuta mawazo, kupanga muundo, kutafsiri, kusahihisha lugha, au hakuna. Mwisho wa kazi mwanafunzi aweke sentensi nne: ametumia chombo gani, kwa jambo gani, aliuliza nini neno kwa neno, na nini alikikataa au kukibadilisha. Hiyo ya nne ndiyo ya kusoma kwa makini. Anayeijua mada ana kitu alichokikataa.

Na sisi wahadhiri tuna yetu. Kuna wanaobandika kazi ya mwanafunzi kwenye ChatGPT na kuiuliza, "Ni wewe uliyeandika?" Haina kumbukumbu ya ilichomwandikia kila mtu, inajibu kinachoelekea kupendeza. Mei 2023 mwalimu mmoja wa Texas A&M University–Commerce, Marekani, alifanya hivyo, na wanafunzi kadhaa waliokuwa wanahitimu wakazuiliwa vyeti kwa muda. Kuna na wanaoficha maneno meupe ndani ya swali ili kumnasa anayenakili. Mwanafunzi asiyeona anayetumia programu ya kusomewa skrini husomewa maneno hayo kwa sauti, akayafuata kwa utiifu. Halafu kuna usiri. Sheria yetu ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina masharti ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi. Faili yenye jina na namba ya usajili, ikipakiwa kwenye seva ambayo hakuna idarani anayejua iko wapi, ni jambo la kuulizia kabla, si baada.

Nimesoma tena nilichoandika na naona nimekuwa mpole. Chombo kinachotoa asilimia bila ushahidi wowote ambao mshitakiwa anaweza kuukagua hakistahili nyota, hata ya huruma. Naifuta. Masharti yao wenyewe, kwa herufi ndogo, yanasema matokeo yasitumike peke yake kumchukulia mtu hatua; kwenye mafunzo sentensi hiyo haikusomwa, na kwenye ripoti inayochapwa kwa ajili ya kamati haimo.

Idara inayokaribia kusaini mkataba mwingine idai maandishi matatu: kiwango cha makosa kwa waandishi wa Kiingereza kama lugha ya pili na jinsi kilivyopimwa, mahali seva zilipo na kazi zinahifadhiwa kwa muda gani, na uwezo wa kuizima safu ya akili unde huku ulinganifu ukibaki. Kwetu kitufe hicho kipo, kwenye mipangilio ya msimamizi wa mfumo. Tumeomba kizimwe. Jibu la ofisi ni kwamba tumeshalipia.