Piza ya kuni Malindi: tamu, lakini njoo na subira

Mkahawa huu wa Mwitaliano uko njia ya Casuarina. Piza inaokwa kwa kuni: ukingo umebabuka madoadoa, katikati laini, pweza hakukauka. Mpishi ni kijana wa Kigiriama. Kiitaliano chake, wallahi, kinateleza kuliko Kiswahili changu. Aliniambia analipwa vizuri kuliko alipokuwa akikaanga viazi karai, maana wageni walikuja na mitaji, wakafungua majiko, wakatafuta mikono. Waliobanwa ni wahudumu: kila msimu vijana wanashuka kutoka bara, basi malipo yamekwama palepale.

Kwa hiyo anayesema mgeni hushusha mshahara tu, namuuliza: wa nani? Mwaka 1980 Wakuba kama 125,000 waliingia Marekani, wengi wakabaki Miami. Mwanauchumi David Card alipima, hakuona mishahara ya wenyeji ikiporomoka. Baadaye mwanauchumi mwenzake, George Borjas, akabisha, akisema wasiomaliza sekondari waliumia. Yaani inategemea ni nani: jikoni na mezani, kama hapa.

Huduma? Polepole mno, na bei ni ya watalii. Tiramisu iache. Agiza maji ya ukwaju.