Sensa za presha ya tairi kwenye Toyota Sienna ya 2008: nimebadilisha zote nne, haya ndo niliyoyaona

Jamani wenye magari ya zamani huku Marekani, hasa hizi Sienna ambazo familia nyingi za kwetu hapa Minnesota tunapandia watoto, naomba msome hii kabla hamjaenda duka la tairi.

Yangu ni ya 2008. Kuanzia magari ya mwaka huo ndo sheria ya huku ililazimisha kila gari dogo jipya liwe na mfumo wa kumwambia dereva tairi likipungua upepo. Kwa Sienna ni kasensa kamekaa ndani ya rimu, kameungana na ile vali ya kujazia upepo, betri yake imezibwa na gundi ngumu kwahiyo haibadilishwi, ikiisha baada ya miaka 5 mpaka 10 hivi unatupa sensa nzima. Taa yangu ya tairi kwenye dashibodi ilikua inapepesa kama dakika moja nikiwasha gari halafu inatulia inabaki inawaka. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa ujue ni upepo umepungua, ila ikianza kwa kupepesa hivyo tatizo ni sensa au mfumo wenyewe, kujaza upepo hakusaidii kitu.

Duka la kwanza nilioenda (silitaji) wakanibadilishia moja tu, ile iliyokufa. Nikalipa sensa, nikalipa kufungua tairi, nikalipa balansi. Miezi miwili haijaisha taa ile ile, sensa nyingine imekufa. Sasa hizi kitu zinazeeka pamoja, mbili zilikua za tangu kiwandani, fundi aliona kabisa na hakuniambia. Hilo liliniuma kwa kweli maana ile hela ina kazi nyingine nyumbani.

Halafu kuna hili la kizibo. Asubuhi moja ya baridi kali nataka kujaza upepo, kizibo cha vali hakifunguki. Kilikua cha shaba na vali ya sensa ni alumini, chumvi ya barabarani ya winter ikaingia katikati vikashikana kama vimechomelewa. Nikachukua plaizi, nikazungusha kidogo tu, vali ikakatika pale pale mkononi, upepo wote fyuuu, na pale ilipokatikia ni unga mweupe mtupu. Watoto wamevaa mabegi wananisubiri. Tafadhali, tumieni vizibo vya plastiki, vile vya bei rahisi kabisa, na kile kisindano cha ndani ya vali kiwe kile cheupe kilichopakwa nikeli, sio cha shaba cha kawaida.

Basi ndo nikaamua zote nne kwa mpigo. Nilichukua Autel MX-Sensor, hizi za kuprogramu, nzuri kwasababu moja inafanya kazi kwenye masafa ya redio yote mawili, 315 na 433, sensa inaongea na gari kwa redio, maana magari ya huku yanatumia sana 315 MHz na ya Ulaya 433, ukiagiza kichwa kichwa utaletewa isiyosikika na gari lako. Zikaenda kwa fundi mmoja ana karakana ndogo, mtu mtaratibu sana. Kabla hajagusa tairi alizisoma sensa za zamani na kifaa chake, zilizo hai zikatoa namba zao (kila sensa ina namba yake ambayo gari linaitambua nayo), na zile zilizokufa namba zake akazitoa kwenye kompyuta ya gari kupitia ule mlango wa OBD chini ya usukani, pale fundi anapochomeka kifaa cha kusoma gari. Akazinakili namba zile zile kwenye sensa mpya. Kwahiyo gari halijui kama kuna kitu kimebadilika! Hapo ndo nimempenda, maana Toyota hii haijifunzi sensa mpya yenyewe kwa kuendesha, mtu akikufungia bila kunakili wala kusajili utaondoka na taa yako inapepesa vile vile. Na seti ya rimu za winter nayo unaweza kuinakilia namba hizo hizo, ukibadili msimu hulipi mtu kusajili.

Alipofunga alijaza psi 35 (psi ni kipimo cha presha) kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, tairi zikiwa za baridi, akashikilia kitufe cha kuset chini ya dashibodi mpaka taa ikapepesa taratibu mara tatu. Miezi minane sasa taa haijarudi, hata ile wiki ya baridi ya kutisha.

Kutunza: kila ukibadilisha tairi dai oringi (kile kipete cha mpira), nati na kisindano vipya, ni vidola vichache tu, wengine wanarudisha vya zamani kimya kimya. Ile dawa ya povu ya kuziba pancha ikiingia inaweza kuziba katundu ka sensa. Na geji ya mkononi usiitupe, taa hii inakuja kuwaka presha ikishashuka kama robo nzima, yaani kwenye 35 inasubiri mpaka 26 hivi, na baridi ikishuka nyuzi 10 za Fahrenheit tairi linapoteza kama psi 1, fikiria Novemba unalala 45 unaamka sifuri.

Sensa nazipa 5 kati ya 5. Fundi pia 5. Duka la kwanza 1, na hiyo 1 ni ya balansi, walifanya vizuri.