Uzoefu wangu: kubadilisha aikoni za folda kwenye Windows, macOS na Linux

Folda za manjano zikijipanga kwenye skrini, zote sura moja, jicho halina pa kushika. Unabaki kusoma majina, moja baada ya jingine, hata kwa folda uliyoifungua jana na juzi. Ndiyo maana nikaanza kuzibadilisha aikoni. Kazi yangu inanitembeza kwenye mifumo endeshi mitatu: Windows ndiyo ninayokaa nayo zaidi, macOS kwa kuhariri picha, na Linux kwa mambo ya seva na kuandika programu. Kote huko nimezichokonoa folda vya kutosha kuwa na maoni.

Wapo wanaoona hili ni pambo tu. Kwa folda nyingi zilizomo kwenye kompyuta, wako sahihi. Lakini kwa zile chache za kila siku, aikoni iliyochaguliwa vizuri inakuokolea kusoma: unaiona, unabofya, umeingia. Kwa hiyo uzuri siupi alama nyingi hapa. Ninauliza mambo mawili. Je, folda naitambua kabla sijasoma jina lake? Na nikiihamisha, inakwenda na aikoni yake au inaiacha njiani? Swali hili la pili halizungumzwi sana, na ndilo linalotenganisha mifumo hii mitatu.

Nianze na Windows. Unabofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, unaingia Properties, kisha kichupo cha Customize, kisha Change Icon. Dirisha linalofunguka linakuonyesha aikoni zilizomo ndani ya shell32.dll, faili ya Windows yenyewe. Nyingi ni za zamani na zinaonekana hivyo. Kwenye kisanduku cha juu andika C:\Windows\System32\imageres.dll ubonyeze Enter, utapata mkusanyiko mwingine wenye sura mpya zaidi. Watu wengi hawajui kwamba upo. Kama una aikoni yako mwenyewe, unaitafuta kwa Browse, mradi iwe ya aina ya .ico. Dirisha hilo hilo linakuonya kwamba ukibadilisha aikoni, folda haitaonyesha tena kijipicha cha vilivyomo ndani yake. Kwa folda za picha hiyo ni hasara ya kweli, ndiyo maana zangu za picha nimeziacha kama zilivyo. Baadhi ya folda za mfumo hazina kichupo hicho kabisa, kwa hiyo usijisumbue kukitafuta.

Hadi hapo mtu yeyote anaweza. Utamu unaanza unapojua kinachofanyika chini kwa chini. Windows haibandiki picha kwenye folda. Inaandika faili ndogo ya maandishi iitwayo desktop.ini ndani ya folda hiyo, inaificha, na kila Explorer, ile programu inayokuonyesha folda na faili, inapopita hapo inaisoma. Unaweza kuiandika mwenyewe kwa Notepad:

[.ShellClassInfo]
IconResource=aikoni.ico,0
InfoTip=Mikataba iliyosainiwa tu, rasimu ziko kwingine

Ile sifuri ni namba ya aikoni ndani ya faili. Faili kama shell32.dll imebeba aikoni nyingi, na hesabu yake inaanzia sifuri. Mstari wa InfoTip ndio ninaoupenda kuliko yote: ukisogeza kipanya juu ya folda, maneno hayo yanatokea. Kwa folda ambayo wenzako nao wanaitumia, ujumbe huo mfupi unazuia maswali mengi kuliko rangi yoyote.

Angalia pia kwamba nimeandika jina la aikoni peke yake, bila njia ndefu inayoanzia C:\. Hapo ndipo jibu la swali langu la pili lilipo. Njia kamili ikiandikwa, folda inaelekeza mahali fulani kwenye diski ya kompyuta hii. Ihamishie kwenye flashi uifungue kwenye kompyuta nyingine, mahali hapo hapapo, na folda inarudi kuwa ya manjano. Lakini aikoni ikikaa ndani ya folda yenyewe na ikatajwa kwa jina tu, inasafiri nayo. Mimi huificha ile .ico pia, isinichafulie orodha ya faili.

Sharti lililobaki ni la sifa za folda. Explorer haihangaiki na desktop.ini mpaka folda iwe na alama ya kusomwa tu au alama ya mfumo. Ukibadilisha kupitia Properties, Windows inaliweka hilo yenyewe. Ukiandika kwa mkono, fungua dirisha la amri uandike attrib +r likifuatiwa na jina la folda, kisha attrib +h +s kwa desktop.ini iliyomo ndani. Usiogope ile alama ya kusomwa tu: kwenye folda haizuii chochote, utaendelea kuweka na kufuta faili kama kawaida. Inafanya kazi ya kuiambia Explorer kwamba hapa kuna maelezo ya pekee. Na folda ikipitia njia isiyobeba sifa hizi, Git kwa mfano (programu ya kutunza matoleo ya msimbo), unakuta faili zote zipo lakini aikoni haionekani. Rudia zile amri za attrib na mambo yanatengemaa.

Wakati mwingine umefanya kila kitu sawasawa na bado unaona sura ya zamani. Windows huhifadhi aikoni zilizokwisha kuonyeshwa katika akiba yake, faili zenye majina yanayoanza na iconcache ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Explorer. Kabla ya kwenda kufuta kitu huko, jaribu kuianzisha upya Explorer kutoka Task Manager, au andika ie4uinit.exe -show. Kwangu hiyo kwa kawaida inatosha.

Sasa aikoni yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na si kwa kukosa kipaji cha kuchora. Faili ya .ico si picha moja. Ni bahasha yenye picha ile ile kwa vipimo tofauti. Vile vya msingi ni pikseli 16, 32, 48 na 256. Kile cha 256 ndicho unachokiona ukikuza aikoni kwenye eneo-kazi, na cha 16 ndicho kinachoonekana kwenye orodha ya pembeni na kwenye mwonekano wa maelezo (Details). Mimi muda wangu mwingi ninafanyia kazi kwenye mwonekano wa maelezo, kwa hiyo aikoni yenye vivuli, maandishi na mapambo inanigeukia kuwa doa. Kubadilisha jina la faili kutoka .png kuwa .ico hakuigeuzi kuwa aikoni. Tumia GIMP, programu ya kuhariri picha ambayo inaweza kuhifadhi tabaka za vipimo mbalimbali katika .ico moja, au kwa wanaopenda amri kuna ImageMagick: magick picha.png -define icon:auto-resize=256,48,32,16 aikoni.ico. Mandharinyuma ya picha yawe wazi, vinginevyo utapata mraba mweupe uliobandikwa juu ya kila kitu.

Susan Kare, mbunifu wa michoro wa Apple, alichora aikoni za Macintosh ya 1984 kwenye gridi ya pikseli 32 kwa 32, nyeusi na nyeupe tupu, na zilieleweka. Ukijipa mipaka hiyo hiyo, kazi yako itasomeka. Mimi huanza na umbo moja nene: duara, pembetatu, herufi moja kubwa. Rangi huja baadaye. Nasema hivyo kwa sababu rangi peke yake inadanganya. Nyekundu na kijani kwa mtu mwenye upofu wa rangi zinaweza kuwa kitu kimoja, na hata kwa mwenye macho mazima, bluu tatu zinazokaribiana hazimsaidii chochote. Niliwahi kuona kompyuta ambayo kila folda ilikuwa na aikoni yake ya pekee, kila moja na rangi zake. Ilikuwa kama sokoni wachuuzi wote wakipiga kelele kwa pamoja. Kwangu folda zenye sura ya pekee ni zile za kazi inayoendelea, zile zinazosubiri jibu la mtu, na ile ya nyaraka ambazo sitaki kuzifuta kwa bahati mbaya. Zilizobaki ni manjano, na manjano hayo ndiyo yanayozifanya zile nyingine zionekane.

Kwenye macOS kazi yenyewe ni nyepesi mno. Nakili picha yoyote, chagua folda, bonyeza Command na I, bofya ile aikoni ndogo ya pembeni juu kwenye dirisha la taarifa, kisha bandika. Hakuna kugeuza aina ya faili wala kutafuta njia. Na tangu macOS Tahoe ya 2025 huhitaji hata picha: folda unaipa rangi, na unaweza kuichapa emoji au alama usoni mwake. Kwa upande wa kutambua haraka, njia hii ya Tahoe ndiyo iliyonifurahisha zaidi kuliko zote, kwa sababu inaliacha umbo la folda lionekane kuwa folda. Ukibandika picha nzima ya mraba, baada ya muda unasahau kama ni faili au folda.

Ila kuna jambo la kuangalia. Ukibandika picha kwa njia ile ya zamani, macOS inaihifadhi katika faili iliyofichwa ndani ya folda, jina lake Icon, na mwisho wa jina hilo kuna herufi isiyoonekana ya kurudisha mstari. Aikoni inasafiri na folda kati ya Mac na Mac, vizuri kabisa. Lakini ukiipeleka kwenye mfumo mwingine, faili hiyo inajitokeza kama kitu cha ajabu ambacho watu hawajui wakifanye nini, na kwenye Git inaingia kwenye orodha ya mabadiliko usipoiweka kando. Folda zangu za kuandikia programu siziwekei picha kwenye Mac. Naziwekea lebo za rangi, basi.

Linux inategemea umekaa kwenye mazingira gani ya eneo-kazi; mimi nazungumzia mawili, GNOME na KDE. Kwenye GNOME unafungua sifa za folda, unabofya aikoni yake, unachagua picha. PNG na SVG zote zinakubalika, na SVG, ambayo ni mchoro wa mistari badala ya pikseli, ina faida kwamba haipotezi ukali kwa kipimo chochote. Kasoro ni kwamba chaguo hilo halikai ndani ya folda. Linakaa kwenye kumbukumbu ya mtumiaji, chini ya .local/share/gvfs-metadata, kwa hiyo folda ikienda kwenye kompyuta nyingine inakwenda uchi. Kwa wenye folda nyingi za kubadilisha kwa pamoja, amri ya gio set pamoja na metadata::custom-icon inafaa kuandikiwa programu fupi ya kuirudia.

Kwenye KDE ni tofauti. Dolphin, kidhibiti faili chake, inaandika faili iliyofichwa iitwayo .directory ndani ya folda, yenye mstari kama Icon=folder-red. Wazo ni lile lile la desktop.ini, ila hapa unataja jina la aikoni badala ya mahali ilipo. Ukibadilisha mandhari ya aikoni ya mfumo mzima, folda nyekundu inabaki nyekundu kwa mtindo wa mandhari mapya. Hilo nimelipenda sana, na kama ningeambiwa nichague utaratibu mmoja uigwe na wengine wote, ningechagua huo.

Programu za ziada za kupaka folda rangi zipo tele, hasa kwa Windows, kwa kuwa Windows yenyewe haina kitufe cha kuchagua rangi tu. Niliweka mojawapo, na kwa mwanzo ilinipendeza: kitufe cha kulia, chagua rangi, kwisha. Nilipoiondoa, rangi zote zilipotea, kwa sababu kila desktop.ini ilikuwa inaelekeza kwenye folda ya programu hiyo ambayo sasa haipo. Kabla ya kuzibadilisha folda zako zote kwa programu ya aina hiyo, badilisha moja, fungua desktop.ini yake, uone IconResource inaelekea wapi. Ikielekea Program Files, ambako programu huwekwa, umeshajua: ukiiondoa, rangi zinaondoka nayo. Ikiwa inainakili aikoni ndani ya folda yako, endelea nayo. Na pakua kwa mtengenezaji mwenyewe, maana kitu kinachoomba ruhusa ya msimamizi kwa ajili ya kubadilisha rangi ya folda kinastahili kuulizwa maswali.

Kwa kuwa tumegusa usalama: aikoni ya kufuli haifungi folda. Naiona sana, mtu ameweka picha ya kufuli juu ya folda ya nyaraka zake za siri, na kilichobadilika ni kwamba mgeni sasa anajua pa kuanzia. Upande wa pili, programu hasidi nyingi zilizosambaa kupitia flashi zilijivika aikoni ya folda ya manjano ili ubofye ukidhani unafungua folda, kumbe ni faili ya .exe. Washa uonyeshaji wa viendelezi vya faili kwenye Explorer, hasa kama wewe ni mtu wa kuchezea aikoni, kwa kuwa jicho lako limezoea kuamini picha kabla ya jina.

Ukitaka kurudi ulikotoka, Windows ina Restore Defaults kwenye dirisha lile lile la Change Icon. Kwenye Mac, chagua aikoni ndogo ya dirisha la taarifa ubonyeze Delete. KDE, futa ule mstari wa Icon kwenye .directory. Kwa folda nyingi za Windows zilizoharibiwa na programu iliyoondolewa, nilitafuta desktop.ini zote kwenye folda zangu za kazi, nikafuta zile zilizotaja njia ile, na kuziacha nyingine. Usifute zote kwa mkupuo mmoja: Documents, Pictures na wenzake nao wana desktop.ini zao, na ukizifuta, aikoni zao maalumu zinaondoka pamoja nazo.