Octavia Butler: Anzia Kwenye Basi

Haya, karibuni tena. Kitabu ndicho hiki. Jalada limekunjika kwa sababu nimekisomea kwenye matatu wiki mbili, Jogoo Road kwenda na kurudi. Ni Bloodchild, mkusanyiko wa hadithi fupi za Octavia Butler, mwandishi wa hadithi za kisayansi, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena mwaka 1947, akafariki 2006. Wengi watakwambia uanze na riwaya zake. Mimi nasema anza na hiki, tena ruka mbele hadi "Speech Sounds".

Watu wamo ndani ya basi, Los Angeles. Ugonjwa umepita, wengine umewanyang'anya usemi, wengine kusoma. Vijana wawili wanatazamana vibaya, na kwa kuwa hakuna awezaye kusema "pole ndugu yangu", ngumi zinaanza. Nikiwa papo hapo nikisoma, konda wa matatu yetu akagonga bodi mara mbili, dereva akang'oa gari. Neno halikutoka kinywani mwa mtu. Nilifunga kitabu kwanza, jamani.

Rye, mhusika mkuu, alikuwa akifundisha historia chuo kikuu. Kuongea anaweza, lakini miswada aliyoiandika mwenyewe haimwambii kitu tena. Sasa anakutana na mwanamume mpole, mkarimu, na akigundua kwamba huyu bado anajua kusoma, anamchukia ghafla, chuki ya kutaka kuua. Hakuna roketi hapo wala roboti. Ni wivu tu, na ndio ulionitisha. Hadithi hii ilishinda tuzo ya Hugo, ya hadithi za kisayansi, mwaka 1984.

Hadithi yenyewe ya "Bloodchild" inahusu mvulana anayetakiwa kubeba mwilini mayai ya kiumbe wa sayari nyingine. Usiisome ukila.

Ukimaliza, njoo kwenye Parable of the Sower. Ilitoka 1993, lakini inaanza Julai 2024: ukame, watu wamejifungia nyuma ya kuta, na maji ni ghali kuliko petroli. Ukishawahi kununua maji kwa jerikeni mfereji ulipokauka, hutahitaji kuelezwa. Zile beti za dini anazoziandika mhusika mkuu, lakini, mimi niliziruka.

Halafu Kindred, ya 1979. Dana anavutwa kutoka California ya 1976 hadi Maryland enzi za utumwa. Ukinunua vitabu vya mitumba pale kando ya barabara, hesabu kurasa kabla hujalipa. Sentensi ya kwanza kabisa Dana anakwambia amepoteza mkono. Ulivyopotea ilikuwa kwenye kurasa za mwisho, na nakala yangu ilikuwa imechanwa hapo hapo.